Wanyama Wana Majina, Wenyeji Wako Wapi?



Tuanze na katuni. Mwaka 1994 kampuni ya Disney ya Marekani ilitoa filamu iitwayo The Lion King, na tangu hapo sidhani kama kuna nyumba yenye televisheni na mtoto ambayo filamu hiyo haijaingia. Mtoto wa Morogoro au wa Kisumu akiitazama anapata raha ambayo mwenzake wa Chicago haipati, maana majina anayaelewa bila kuambiwa. Simba ni simba. Rafiki ni rafiki. Pumbaa, kweli kapumbaa. Na hakuna matata ni maneno tuliyokwisha kuyacheza tangu 1982, kundi la Them Mushrooms lilipotoa Jambo Bwana kule Mombasa. (Baadaye Disney waliyasajili Marekani kuwa alama yao ya biashara, lakini ugomvi huo tumekwisha kuugomba vya kutosha, leo tuuache.) Lugha yetu imo, nyasi zetu zimo, miamba yetu imo, watengenezaji walifunga safari hadi Kenya kuja kuitazama. Kitu kimoja hakimo. Mtu. Dakika karibu tisini, humwoni mchungaji, huoni boma, huoni moshi wa jiko wala njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji.

Utaniambia, bwana wee, hiyo ni hadithi ya wanyama, ulitaka wamtie na mtendaji wa kijiji? Swali zuri. Lakini kampuni hiyohiyo, mwaka 1942, ilitoa Bambi, hadithi ya mtoto wa kulungu katika misitu ya nchi za baridi. Binadamu humo yumo. Sura yake huioni, ila bunduki yake inalia na moto wake unateketeza msitu. Mwaka 1967 wakatoa The Jungle Book, hadithi ya India, na humo yumo kijana Mowgli, na kijiji kipo. Kwa hiyo misitu ya wengine ina watu, hata katika katuni. Nyika ya Afrika Mashariki ndiyo iliyoachwa tupu, na majina ya Kiswahili yakagawiwa wanyama.

Jambo hili halikuanza 1994, wala Disney hawakulibuni. Wao walilirithi. Na kabla sijaeleza walilirithi kwa nani, nataka tukubaliane kuhusu kitu wataalamu wa fasihi wanachokiita kisasili.

Tumezoea kudhani visasili ni mali ya wahenga. Gikuyu na Mumbi wanaoneshwa nchi na Ngai kutoka mlimani. Wamasai wanaosimulia kwamba mwanzoni ng'ombe wote walishushwa kutoka mbinguni wakakabidhiwa wao. Sasa sikiliza hadithi hiyo ya Kimasai kwa makini. Ukiikubali, basi kila ng'ombe aliye duniani ana mwenyewe, na jirani yako Mkurya au Msukuma mwenye zizi amekaa na mali ya watu. Hadithi inafanya kazi ya hati. Aliyelisema jambo hili kitaalamu ni Bronisław Malinowski, mwalimu wa anthropolojia mjini London, mwaka 1926: kwamba watu hawasimulii visasili ili kujibu maswali ya udadisi tu, wanasimulia ili haki, cheo na mipaka ipate mzizi. Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mtu mmoja kutoka Kiambu, Jomo Kenyatta, na kitabu cha mwanafunzi huyo, Facing Mount Kenya, kilipotoka mwaka 1938, mwalimu ndiye aliyekiandikia utangulizi. Tutarudi kwa huyo mwanafunzi.

Miaka 30 hivi baada ya kauli hiyo ya Malinowski, Mfaransa Roland Barthes akasema visasili havikufa na wazee, vimehamia magazetini, kwenye matangazo ya sabuni, kwenye mieleka na sinema. Mfano wake maarufu ni picha ya jalada la gazeti la Paris Match: kijana mweusi ndani ya sare ya jeshi la Ufaransa, anapiga saluti. Picha haikudanganya. Kijana alikuwepo, na saluti aliipiga. Ila mtazamaji aliondoka na habari nyingine kabisa, kwamba dola la Ufaransa halina ubaya kwa weusi, tazama mwenyewe wanavyolitumikia. Na hayo yalikuwa katika miaka ya vita vya Algeria. Hapo ndipo ujanja ulipo: kitu kilichofanywa na mikono ya watu, mwaka fulani, kwa sababu fulani, kinaoneshwa kana kwamba kiliota chenyewe kama nyasi.

Haya, turudi kwenye nyasi zenyewe.

Mwanzoni mwa miaka ya 1890 ugonjwa wa sotoka uliingia Afrika Mashariki kutoka kaskazini. Uliua ng'ombe kwa kiasi ambacho hata leo ni vigumu kukieleza. Makadirio ya kawaida ni tisa katika kila kumi. Nyati na nyumbu nao walianguka. Mfugaji asiye na ng'ombe hana maziwa, hana mahari, hana cha kubadilisha na mkulima apate nafaka. Njaa ikafuata, na ndui ikaja juu ya njaa. Mwaustria Oscar Baumann alipopita Ngorongoro mwaka 1892 alikuta watu waliobaki ngozi na mifupa, na akakadiria kwamba theluthi mbili ya Wamasai wamekufa. Walionusurika walihamia kwa jamaa na majirani wenye chakula. Mahali walipoondoka watu na mifugo, vichaka viliota. Penye vichaka wakaja ndorobo, na ndorobo wakawazuia wafugaji wasirudi.

Miaka 20 hivi baadaye, mwaka 1913, Mmarekani Stewart Edward White alishuka kutoka upande wa Nairobi na bunduki zake akaingia Serengeti. Akaona wanyama wengi na watu wachache, akaandika kitabu na kukiita The Rediscovered Country, yaani nchi iliyogunduliwa tena. Hebu fikiria. Mtu anaingia katika nyumba ya msiba, anakuta vyumba vitupu, anafurahi kwamba amepata nyumba ambayo haijawahi kukaliwa. Simlaumu White kwa kutojua. Nawalaumu waliokuwa na kila sababu ya kujua, wakaona hadithi yake inafaa.

Sheria ilikwisha kutangulia. Mwaka 1896 gavana wa Kijerumani Hermann von Wissmann alitoa amri ya uwindaji katika eneo ambalo sasa ni Tanzania bara, na mwaka 1900 madola ya Ulaya yalikutana London kuweka mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Uwindaji ukawa wa leseni. Leseni inataka fedha, bunduki na uso unaokubalika ofisini. Mzee wa Kiikoma aliyekuwa akiwinda kwa upinde ili watoto wale nyama akawa jangili bila kubadilisha chochote katika mwenendo wake. Upande wa pili, mwaka 1909, Theodore Roosevelt, ambaye alikuwa ametoka madarakani Marekani mwezi uliotangulia, alishuka Mombasa na mwanawe Kermit. Wao wawili waliua wanyama 512, wakiwamo simba 17 na tembo 11. Huyo hakuwa jangili. Alikuwa mpenda maumbile, na ngozi zilikwenda makumbusho.

Na hapa sinema inaingia, kwa kituko ambacho mimi hucheka kila nikikikumbuka. Wakati Roosevelt bado yuko porini, kampuni ya Selig ya Chicago iliona haina haja ya kumsubiri. Ikamchukua mwigizaji anayefanana naye, ikanunua simba mzee, ikawavisha Wamarekani weusi wa mjini humo mavazi ya wapagazi, simba akapigwa risasi hapohapo studioni, na filamu ya kuwinda Afrika ikawa tayari. Watu walijazana kuitazama. Cherry Kearton, Mwingereza aliyekuwa amepiga picha halisi za msafara wa Roosevelt Kenya, alipotoa filamu yake mwaka 1910 watazamaji waliiona imepoa. Chicago ilikuwa Afrika zaidi kuliko Afrika.

Baada ya hapo mlango ulifunguka. Tarzan alizaliwa mwaka 1912 katika kalamu ya Edgar Rice Burroughs, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, na mwaka 1932 kampuni ya MGM ikampa mwili wa mwogeleaji Johnny Weissmuller. Tarzan nitampita haraka kwa sababu uongo wake uko wazi mno. Hata mtoto anajua mtu hasafiri kwa kamba za miti. Uongo unaodumu ni ule wenye ukweli mwingi ndani yake.

Chukua Mogambo. Filamu hii ya John Ford, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa picha huku kwetu kuanzia mwishoni mwa 1952. Tarehe 20 Oktoba ya mwaka huohuo gavana Evelyn Baring alikuwa ametangaza hali ya hatari Kenya. Kenyatta alikamatwa, watu wakasombwa kwa malori, vipande vikakaguliwa kila njia panda. Waigizaji walihitaji ulinzi wa polisi. Filamu ilipotoka mwaka 1953, dunia ilimwona mwindaji mmoja akichanganywa na wanawake wawili katikati ya masokwe na vifaru. Nchi nzima iliyokuwa inawaka haikuonekana hata kwa moshi. Na walioitazama hawakuambiwa uongo kuhusu Mau Mau, la. Walioneshwa tu nchi ambayo jambo kama Mau Mau haliwezi kutokea, maana haina wananchi; ina wapagazi.

Lakini filamu ninayoiona kuwa nzito kuliko zote haikuwa ya Hollywood. Ilitengenezwa na Mjerumani, daktari wa mifugo, mkurugenzi wa bustani ya wanyama ya Frankfurt: Bernhard Grzimek. Yeye na mwanawe Michael walikuja na ndege ndogo waliyoipaka mistari ya pundamilia, wakaanza kuhesabu wanyama wa Serengeti kutoka angani. Tarehe 10 Januari 1959 ndege ikagongana na tai, Michael akafa akiwa kijana. Alizikwa ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, na baba yake, aliyefariki 1987, naye akaletwa kulala hapohapo. Filamu yao, Serengeti Isife kwa maana ya jina lake la Kijerumani, ilitoka mwaka 1959 na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Mzee Grzimek alikuwa na kipindi cha televisheni kilichopendwa sana Ujerumani, na kwa kipindi hicho aliwashawishi Wajerumani wa kawaida, si mabwana wenye bunduki, kuja kutazama wanyama. Ukiona leo gari la watalii lililofunguliwa paa, sehemu ya safari yake ilianzia katika televisheni ya Frankfurt.

Nasema haya kwa heshima. Mtu alimpoteza mwanawe. Aliwapenda wanyama kwa dhati, na bila kelele zake huenda tungekuwa na machache ya kuonesha. Ndiyo maana hadithi yake ina nguvu: ina kaburi la kweli. Ila katika kitabu alichokiandika pamoja na filamu, Grzimek alisema wazi kwamba hifadhi ya taifa lazima ibaki bila watu, hata wenyeji. Na alipokuwa akiyasema hayo wenyeji walikuwa wanaondoka. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai waliwekewa karatasi, wakatia sahihi kwamba wanaiacha Serengeti. Mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa kuwa eneo lao na la wanyama kwa pamoja, na gavana Turnbull akawaambia viongozi wao mbele ya baraza kwamba maslahi ya wanyama yakigongana na ya wakazi, ya wakazi ndiyo yatakayotangulia. Waikoma na majirani zao wa upande wa magharibi, waliokuwa wakilima na kuwinda, hawakupata hata hotuba. Filamu zilimjua Mmasai peke yake, kwa sababu Mmasai anapendeza kwenye picha.

Sasa nikupe habari inayonifurahisha kuliko zote katika kisa hiki. Akina Grzimek walihesabu nyumbu karibu laki moja. Hesabu ya mwaka 1961 ilipata kama laki mbili na nusu. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1970 nyumbu walikuwa zaidi ya milioni 1.3. Ni nini kiliwaongeza namna hiyo? Chanjo. Kuanzia miaka ya 1950 maofisa wa mifugo waliwachanja ng'ombe wa wafugaji wanaoizunguka Serengeti dhidi ya sotoka, ugonjwa ukakosa pa kujificha, na ndama wa nyumbu wakaacha kufa. Yale makundi makubwa yanayovuka mto Mara, yanayooneshwa duniani kote kwa sauti nzito ya msimulizi akisema ndivyo ilivyokuwa tangu enzi na enzi, kwa wingi ule yana umri mdogo kuliko wa bibi yangu. Na yaliletwa, pamoja na mvua na majani, na sindano iliyopigwa kwenye zizi la Mmasai. Filamu ngapi zimekuonesha hiyo sindano?

Hapo ndipo unapoona kisasili kinavyofanya kazi. Hakikuhitaji kusema uongo mwingi kuhusu nyumbu. Kiliwaondolea nyumbu historia yao, na kwa kuwaondolea wao, kikawaondolea na majirani zao. Nchi isiyo na historia haina mwenyewe. Nchi isiyo na mwenyewe inahitaji mlinzi. Na mlinzi, msikilizaji, ndiye anayeshika funguo. Kwanza alikuwa gavana, kisha mashirika ya hifadhi ya Ulaya na Marekani, halafu mwekezaji mwenye kitalu au hoteli, na katikati yao wote serikali zetu wenyewe, ambazo zilipopata uhuru ziliukuta mlango umefungwa na hazikuona sababu ya kubadilisha kitasa.

Filamu ziliendelea. John Wayne alikuja Tanganyika kutengeneza Hatari!, kazi iliyofanyika kandokando ya Arusha kati ya 1960 na 1961, TANU ikiwa imekwisha kushinda uchaguzi na bendera mpya inasubiriwa. Iitazame, hutajua kwamba kuna jambo linatokea. Mwaka 1966 ikaja Born Free, simba jike Elsa akarudishwa porini apate uhuru, katika miaka ileile ambayo watu wenyewe ndio kwanza wameupata wao. Kisha Out of Africa, mwaka 1985, kutoka katika kitabu cha mlowezi Karen Blixen, tuzo saba za Oscar. Hiyo nayo ni nzuri mno, nakiri. Muziki ule na ndege ile juu ya Bonde la Ufa vinamfanya mtu asahau kujiuliza shamba lile chini ya vilima vya Ngong' Karen Blixen alilipata wapi, na kwa nini Wakikuyu wanaoishi humo wanaitwa maskwota. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alimshambulia mama huyo kwa maneno makali, na wapo waliosema alizidisha. Mimi naona Blixen alifanya kosa dogo kuliko filamu. Katika kitabu chake angalau Wakikuyu wana majina, wanagombana, wana kesi na wazee wa kuzikata. Kwenye sinema wamekuwa mandhari.

Mpaka hapa utafikiri nawasema wageni. Tujitazame na sisi.

Fungua pochi yako. Kama uko Tanzania, noti ya elfu kumi ina tembo, ya elfu tano ina kifaru, ya elfu mbili ina simba. Kama uko Kenya, sarafu zilizotolewa mwaka 2018, baada ya Katiba kukataza sura za watu, zina twiga, kifaru, simba na tembo. Mzee Kenyatta katoka, twiga kaingia. Nenda baa uone chupa zilivyopangwa: Safari, Kilimanjaro, Serengeti, Ndovu, na kule kwa jirani Tusker. Tunakunywa mbuga. Hakuna bia iitwayo Mchungaji, ingawa nadhani ingeuzika.

Na katika vichekesho vyetu, vya redio, vya televisheni na sasa vya simu, Mmasai ni nani? Ni mlinzi wa getini mwenye rungu, anayevuruga ngeli, asiyejua lifti, anayeshangaa choo cha kukalia. Tumecheka sana, nami nimecheka. Lakini weka kichekesho hicho kando ya bango la utalii lenye Mmasai akiruka jua likizama, utaona ni ndugu wawili. Mmoja anasema huyu ni sehemu ya mandhari, mwingine anasema huyu hajui mambo. Mtu wa namna hiyo akisimama mbele ya tume na kusema nina hoja kuhusu malisho, maji na mipaka, nani atakuwa amejiandaa kumsikiliza? Kazi imekwisha kufanywa na waigizaji kabla hakimu hajafika.

Mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua filamu ya Royal Tour huko Marekani, yeye mwenyewe akiwa mwongoza watalii mbele ya kamera ya Peter Greenberg. Kama mwananchi nilifurahi, na sioni haya. Mwanamke, Mwafrika, Mzanzibari, ndiye anayemwonesha Mmarekani nchi. John Wayne hayupo. Watalii kutoka nje, waliokuwa hawajafika milioni 1 mwaka 2021 kwa sababu ya korona, walifika milioni 1.8 mwaka 2023. Hizo ni ajira za madereva, wapishi, wapagazi wa Kilimanjaro, mama wa mboga wa Karatu. Mtu anayevidharau visasili kwa kuwa ni visasili tu hajawahi kulipwa navyo.

Lakini mwaka huohuo wa 2022, mwezi Juni, familia za kwanza zilianza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilayani Handeni, mkoani Tanga, na Loliondo kukawa na mapambano juu ya kilomita za mraba 1,500 zilizowekewa vigingi. Askari polisi mmoja aliuawa, wananchi wakajeruhiwa. Serikali ina hoja, na ni hoja yenye tarakimu: mwaka 1959 wakazi wa Ngorongoro walikuwa kama 8,000, kufikia 2022 walikuwa wamezidi laki moja, na ardhi haikuongezeka. Wako waliokwenda Msomera kwa hiari, wakapewa nyumba na mashamba, na wanasema wameridhika. Wako wanaosema hospitali na shule zao zilinyimwa fedha mpaka wakakosa pa kubaki, na Agosti 2024 maelfu yao walijitokeza barabarani kwenye njia ya watalii. Mimi si mtaalamu wa malisho, na ninayesema haya nimekaa mbele ya maikrofoni, si mbele ya zizi. Ninachokiona kutoka hapa ni kwamba mjadala ulianza ukiwa umekwisha kuegemea upande. Swali lililoulizwa kila mahali lilikuwa: watu hawa wanafanya nini katika hifadhi? Mara chache nilisikia mtu akiuliza hoteli zilizopangana ukingoni mwa kreta zinafanya nini huko, zinachota maji wapi, na kwa nini mtalii aliyelala pale usiku mmoja anaingia kwenye picha vizuri kuliko bibi aliyezaliwa pale. Wala ahadi ya gavana Turnbull sikuisikia ikitajwa, isipokuwa na Wamasai wenyewe.

Nilisema tutarudi kwa mwanafunzi wa Malinowski.

Katika Facing Mount Kenya, Kenyatta aliweka hadithi ya wanyama, na ingefaa kila mtoto anayemjua Simba wa Disney aisikie. Mtu mmoja alikuwa na kibanda pembeni mwa msitu. Mvua ikaja, tembo akamwomba ruhusa aingize mkonga tu usilowe. Baada ya mkonga kikaingia kichwa, baada ya kichwa mwili, na mwenye kibanda akajikuta nje. Akalalamika. Simba, mfalme, akaunda tume ya uchunguzi: kifaru, nyati, mamba, chui na wakubwa wengine. Mtu akauliza mbona hakuna wa upande wangu, akajibiwa kwamba kwenu hakuna aliyesoma vya kutosha sheria za mwitu. Tume ikala chakula cha tembo, ikasikiliza, ikaamua kwamba tembo alitumia nafasi iliyokuwa imebaki wazi. Kila kibanda kipya alichojenga mtu kikapata mnyama wake na tume yake. Mwishowe akajenga kikubwa, wote wakaingia kukigombea, akakitia moto.

Wakenya wa wakati ule hawakuhitaji kuelezwa. Tume ya Ardhi ya jaji Morris Carter ilikuwa imetoa taarifa yake mwaka 1934, na mashamba ya Wazungu yalibaki kuwa ya Wazungu. Kenyatta alichukua hadithi za wanyama, ambazo mkoloni alizipenda kwa sababu zilimpumzisha na watu, akawarudisha watu humo kwa mlango wa nyuma. Mwanafunzi alikuwa amelielewa somo la hati.

Halafu akawa Rais.

Kaskazini mwa Kenya, katika msitu wa mlima Marsabit, aliishi tembo dume aliyeitwa Ahmed, mwenye pembe ndefu karibu ya kugusa ardhi. Televisheni za nje zilimpiga picha, watoto wa shule wakaandika barua kutaka alindwe, na mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mzee Kenyatta akatoa amri ya Rais kwamba Ahmed asiguswe. Akawekewa walinzi wenye silaha, usiku na mchana. Alipokufa mwaka 1974 mifupa yake ilihifadhiwa, na ukienda Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi utaona sanamu yake.

Mwaka 1970 Bunge la Kenya lilipitisha Sheria ya Kinga. Kaskazini mwa nchi kulikuwa kumepita vita vya shifta, vijiji vikachomwa na mifugo ikauawa, na sheria hiyo ilisema kwamba wananchi wa maeneo yale hawataweza kuwashtaki maofisa wa serikali kwa waliyoyatenda katika operesheni zile. Ilitaja mkoa wa Kaskazini Mashariki na wilaya nne. Isiolo, Tana River, Lamu, na Marsabit.